Mzio na Afya ya Akili: Undugu wa Jeni Unaishia Wapi?

MASWALI YENU, MAJIBU YETU

Pumu, ukurutu (ugonjwa wa ngozi inayowasha) na mafua ya mzio huonekana mara nyingi katika familia zilezile zenye sonona, wasiwasi na magonjwa mengine ya akili. Wasomaji wetu wameliona hilo majumbani mwao na wametuandikia. Barua tumezifupisha, majina tumeyaondoa.

Shikamoo daktari. Marehemu mama alikuwa na pumu, na kwa miaka mingi aliugua sonona. Mimi nina ukurutu tangu utotoni, na mwaka huu nimeambiwa nina ugonjwa wa wasiwasi. Mdogo wangu wa kike ana mafua ya mzio, naye hapati usingizi bila dawa. Je, tumerithi kitu kimoja kinacholeta yote haya? *Msomaji wa kike, miaka 34*

Marahaba dada, na pole kwa kuondokewa na mama. Mmerithi mwelekeo, lakini hamkurithi kitu kimoja. Tunaomba nafasi tulieleze hili vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Magonjwa haya yote, ya mzio na ya akili, hujengwa na mamia ya tofauti ndogo za vinasaba, na karibu kila moja huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2017 watafiti waliochambua vinasaba vya watu zaidi ya 360,000 waliorodhesha tofauti 136 zinazohusiana na pumu, mafua ya mzio na ukurutu, na sehemu kubwa ya hizo zinahusika na magonjwa yote matatu. Ndiyo maana mama ana pumu, binti mkubwa ana ukurutu na mdogo ana mafua: mwelekeo ni mmoja, kiungo kinachoathirika ndicho kinachobadilika. Kwa upande wa sonona, utafiti uliochapishwa Januari 2025, uliotumia taarifa za watu zaidi ya milioni 5 kutoka nchi 29, ulikuta tofauti karibu 700.

Sasa orodha hizi mbili zinaingiliana kiasi gani? Kipo kipimo cha kujibu hilo, kinaitwa uwiano wa kijenetiki. Kikisoma 1, jeni zinazoleta ugonjwa wa kwanza ndizo hizohizo zinazoleta wa pili. Kikisoma 0, kwa jumla haziendi pamoja. Kikiwa chini ya 0, zinazoongeza hatari ya mmoja hupunguza hatari ya mwingine. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2019 uliopima pumu dhidi ya magonjwa ya akili uliona uwiano chanya kati ya pumu na magonjwa matatu: sonona, wasiwasi, na ule wa kukosa utulivu na umakini. Uwiano huo ni wa kweli, ila ni mdogo. Uko karibu zaidi na 0 kuliko na 1. Kwa hiyo jeni za pumu, kwa jumla yake, hazisemi mengi kuhusu sonona, wala za sonona hazisemi mengi kuhusu pumu.

Mahali orodha zinapokutana panavutia sana. Katika kromosomu ya 6 kuna eneo lililosheheni jeni za kinga ya mwili. Eneo hilo hujitokeza kwenye tafiti za pumu, na hujitokeza tena kwa nguvu kwenye tafiti za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aone visivyokuwapo. Mwaka 2016 iligundulika kwamba sehemu ya ishara ile ya skizofrenia inatoka kwenye jeni ya C4. Katika damu, protini yake hutia alama vijidudu ili vishambuliwe. Katika ubongo unaokua, inashiriki kupogoa miunganiko ya seli za neva. Protini moja, kazi mbili. Hata hivyo, magonjwa mawili kuonekana katika eneo moja la kromosomu hakuthibitishi kwamba yanatokana na herufi ileile ya vinasaba. Eneo lile ni pana na lina jeni nyingi zilizobanana.

Yapo pia mambo yanayoweza kuukuza uwiano huu kuliko ulivyo. La kwanza ni ndoa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu huchaguana kwa namna isiyo ya kubahatisha hata katika tabia na magonjwa tofauti. Mwenye mwelekeo huu akioana na mwenye mwelekeo ule, watoto hupata jeni za pande zote mbili, na takwimu zitasoma undugu hata kama ndani ya mwili magonjwa hayo hayagusani. La pili ni utambuzi wenye makosa: kifua kinachobana kwa wasiwasi kikiandikwa pumu kwenye faili, jeni za wasiwasi zitahesabiwa kama jeni za pumu. La tatu, washiriki wa tafiti hizi wengi mno wana asili ya Ulaya, hivyo viwango vyake havihamishiki moja kwa moja kwenda kwa watu wa asili nyingine.

Utasikia pia kwamba sonona ni ya kurithi kwa asilimia kama 37 na ukurutu kwa takriban 75, kutokana na tafiti za mapacha. Asilimia hizo zinahusu tofauti kati ya watu katika jamii nzima. Hazisemi kwamba asilimia 37 ya sonona ya mama yako ilitoka kwenye damu. Tena, ninyi wawili mlikulia nyumba moja, na mama mgonjwa, na usiku wa kukohoa na kujikuna. Hayo nayo ni chanzo, na jeni hazihitajiki kuyaeleza.

Cha kufanya: andika historia ya ukoo kwenye karatasi moja. Weka ndugu wa damu wa karibu, ugonjwa wa kila mmoja, umri ulipoanza, na dawa iliyomsaidia au iliyomdhuru. Daktari wa ngozi na yule wa akili waione wote wawili. Pia omba ujazishwe dodoso la wasiwasi la maswali 7 (alama 0 hadi 21, kwa kuangalia wiki 2 zilizopita) na rudia kila mara ukurutu unapolipuka na unapotulia. Alama 10 au zaidi zinahitaji tathmini kamili. Baada ya miezi michache utajua kama wasiwasi wako unafuata ngozi au una mwendo wake.

Kama sonona yangu imetokana na mzio, si nitibu mzio tu na sonona iondoke yenyewe? *Msomaji wa kiume, miaka 41*

Swali hili lilipimwa moja kwa moja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021. Walitumia hazina ya taarifa ya UK Biobank, wenye umri wa miaka 37 hadi 73, na katika baadhi ya vipimo idadi ilikaribia watu 345,000. Kwanza waliangalia nani ana nini. Wenye pumu, ukurutu au mafua ya mzio walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wengine, kama ilivyotarajiwa.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Jeni anazopata mtoto kutoka kwa wazazi hugawanywa kwa bahati nasibu, kabla hajapata ugonjwa wowote, msongo wowote au kipato chochote. Kwa hiyo jeni zinaweza kutumika kama jaribio la asili. Tuchukue filagrini, protini inayoziba ngozi ya juu kama lipu inavyoziba ukuta. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba wanaorithi jeni mbovu ya protini hii hupata ukurutu kwa wingi. Miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, mmoja kati ya 10 hivi anaibeba. Kama kuanza kuugua ukurutu kunasababisha sonona, basi wanaobeba jeni zinazoleta ukurutu wangepaswa kuwa na sonona zaidi ya wasiobeba. Watafiti walifanya hesabu ya namna hiyo kwa jeni nyingi za mzio, kisha wakageuza upande wa pili: je, jeni za magonjwa ya akili huleta mzio? Pande zote mbili ushahidi ulikuwa dhaifu. Sehemu kubwa ya uhusiano tunaouona kwa macho haielezeki kwa mzio kuanzisha ugonjwa wa akili, wala ugonjwa wa akili kuanzisha mzio.

Hapo wengi huruka wakahitimisha kwamba kutibu mzio hakusaidii akili. Haifuati. Hesabu ile ilipima *kuanza* kwa ugonjwa. Haikupima makali yake. Mtu anayeamka mara 6 usiku kujikuna ana hali tofauti na mwenye kipele kimoja cha kiwiko, ingawa wote wameandikiwa ukurutu. Katika majaribio ya dawa ya sindano iitwayo dupilumabu yaliyochapishwa mwaka 2016, watu wazima wenye ukurutu wa wastani hadi mkali waliopata dawa kwa wiki 16 walipungukiwa dalili za wasiwasi na sonona kuliko waliopata sindano isiyo na dawa. Dawa ile huzuia ishara mbili za kinga, intalukini 4 na intalukini 13. Inawezekana kabisa kwamba nafuu ya akili ilitoka kwenye kulala vizuri na kuacha kuona aibu ya ngozi, na hiyo ni nafuu halali.

Kwa hiyo, ndugu yetu, tibu mzio kwa bidii zote, na sonona nayo itibiwe kivyake kuanzia leo. Usiache ushauri nasaha au dawa za sonona ukisubiri pua ifunguke. Na kama kuna wazo lolote la kujiua, hilo halisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na uende kituo cha dharura.

Mwanangu wa miaka 7 ana ukurutu. Mwalimu anasema hatulii, anasahau, anainuka ovyo. Nimesoma kwamba ukurutu na ugonjwa wa kukosa utulivu vinarithiwa pamoja. Je, aanze dawa za utulivu? *Baba wa mtoto*

Mzee, kabla ya jeni tuulize usingizi. Ni kweli watoto wenye ukurutu hutambuliwa zaidi kuwa na ugonjwa huo wa kukosa utulivu na umakini. Lakini uhusiano huo huwa na nguvu zaidi kwa watoto ambao ukurutu unawaharibia usingizi. Mtoto mdogo asiyelala vizuri hasinzii mchana kama mtu mzima. Anaruka, anadakia maneno, anasahau daftari. Mwalimu akiona hivyo, hana namna ya kujua kwamba chanzo kilikuwa saa 8 usiku.

Kwa wiki 2, mmoja wenu amwangalie usiku na kuandika: amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi, amejikuna muda gani, na asubuhi shuka lina madoa ya damu au la. Wakati huohuo ngozi itibiwe sawasawa. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila sabuni kali. Mkaushe kwa kugusagusa, usisugue, na mafuta mazito yasiyo na manukato yapakwe ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na unyevu. Kosa tunaloliona kila siku ni uchache wa mafuta. Mtoto mwenye ukurutu uliosambaa anahitaji gramu 250 hadi 500 za mafuta ya kulainisha *kwa wiki*, akipakwa mara kadhaa kwa siku hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Kopo dogo la gramu 50 likimaliza mwezi, mtoto hajatibiwa.

Krimu ya steroidi ni jambo jingine, na kosa lake huwa la aina hiyohiyo: wazazi huiogopa wakapaka kidogo mno. Ikamue kutoka mrija wa kawaida juu ya ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia mwisho wa kidole hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni takriban gramu 0.5, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Pima vipele kwa viganja vyako, utajua unahitaji ncha ngapi. Iachanishe na mafuta kwa dakika 20 hadi 30 ili isichujuke. Nguvu ya krimu na idadi ya siku ataamua daktari. Ya mwilini haifai kuhamishiwa usoni bila kuuliza.

Jihadhari na jambo moja. Dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini na promethazini, hupewa watoto wengi ili "walale". Haziondoi muwasho wa ukurutu kwa kiasi cha maana, zinavuruga mpangilio wa usingizi, na mabaki yake asubuhi humfanya mtoto awe mzito wa kufikiri darasani. Kuna watoto wanaopimwa umakini huku wakiwa wamelewa dawa ya jana.

Ngozi ikitulia kwa wiki 4 hadi 6 na usingizi ukarudi, mwombe mwalimu ajaze tena tathmini. Dalili zikibaki, nyumbani na shuleni pia, basi mtoto apimwe ugonjwa huo bila kuchelewa, na apewe tiba yake bila aibu. Undugu wa kijenetiki kati ya mzio na tatizo hili upo, kama tulivyoeleza juu, hivyo inawezekana anavyo vyote viwili.

Nina pumu, na sasa napata kubanwa kifua ghafla, moyo unakwenda mbio, nahisi nakufa. Wengine wananiambia ni wasiwasi tu. Nitajuaje? Rafiki kanipa propranololi, anasema inatuliza. *Mwanafunzi, miaka 21*

Mdogo wetu, hiyo propranololi iweke kando leo. Inafunga vipokezi vilevile ambavyo salbutamoli inavitumia kufungua njia za hewa. Kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua vikali, na mbaya zaidi, inhela yako ya kuokoa ikashindwa kufanya kazi. Kidonge kimoja kimetosha kuwafikisha watu hospitali. Hata matone ya macho ya timololi yana hatari hiyo, na watu hawayafikirii kwa sababu yanawekwa jichoni.

Shambulio la hofu na shambulio la pumu hufanana, na yanaweza kuja pamoja. Pumu huja na kikohozi au mluzi kifuani, kutoa pumzi huwa kugumu zaidi, mara nyingi huamsha mtu alfajiri, na hupungua baada ya salbutamoli. Hofu hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, huleta ganzi ya vidole na kuzunguka midomo, mtu anahisi hewa anayovuta haimtoshi, na mluzi haupo. Lakini salbutamoli yenyewe hutetemesha mikono na kuharakisha moyo. Kwa hiyo aliyepuliza mara nyingi kwa hofu ataona dalili zinazidi, ataogopa zaidi, atapuliza tena.

Kifaa kinachoamua ugomvi huu ni kipima nguvu ya pumzi, bomba dogo lenye mizani unalolipuliza kwa nguvu. Ukiwa mzima, simama wima, puliza mara 3 asubuhi na mara 3 jioni, andika kubwa kuliko zote kila safari, kwa wiki 2. Namba kubwa kabisa ya wiki hizo ndiyo kiwango chako bora. Siku ya kubanwa, puliza: ikiwa asilimia 80 au zaidi ya kiwango chako, njia za hewa ziko wazi na hofu ina uwezekano mkubwa, ikishuka chini ya 50, hiyo ni dharura. Mwenye hofu anaweza kupuliza kwa ulegevu na kupata namba ndogo ya uongo, ndiyo maana tunataka mara 3.

Ukiwa na shaka, chukulia ni pumu. Kaa wima. Tikisa inhela, iweke kwenye spesa (chupa ya plastiki inayoshika dawa kabla hujaivuta), toa mpulizo 1, vuta na kutoa pumzi mara 4, rudia hadi mipulizo 4. Subiri dakika 4. Bado? Mipulizo mingine 4. Ikiwa huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, au nafuu haiji, nenda hospitali huku ukiendelea kupuliza. Usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi kama wengine wanavyoshauri. Kama ni pumu, unajinyima hewa uliyokuwa unaihitaji.

Kipimo kikionyesha njia ziko wazi, vuta hewa kwa pua kwa sekunde 4, itoe taratibu kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Kisha zungumza na daktari kuhusu tiba ya mazungumzo ya shambulio la hofu. Dawa za wasiwasi za kundi la setralini zinatumika kwa wenye pumu.

Mume wangu, miaka 52, ana pumu. Kila akipewa prednisoloni anabadilika: halali, anaongea bila kituo, anafungua mipango mikubwa ya fedha. Baba yake alikuwa na baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na ndugu wanasema ugonjwa wa ukoo umejitokeza. Amepewa pia montelukasti, kidonge cha pumu. *Mke*

Mama, umeeleza vizuri, na neno muhimu kuliko yote ni "kila akipewa". Steroidi za kumeza huweza kuchangamsha akili kupita kiasi, kuleta huzuni kali au hata kuona visivyokuwapo, kwa mtu asiye na ugonjwa wa akili. Dozi ndiyo inayotawala. Katika uchunguzi wa mwaka 1972 ambao bado unategemewa, matatizo makubwa ya akili yaliwapata watu 1.3 kati ya 100 waliokunywa prednisoni (steroidi ya jamii moja na prednisoloni) hadi miligramu 40 kwa siku, 4.6 kati ya 100 kwenye miligramu 41 hadi 80, na 18.4 kati ya 100 juu ya miligramu 80. Mara nyingi huanza ndani ya wiki 1 au 2 za mwanzo na huisha dozi ikipunguzwa.

Historia ya baba yake haipuuzwi, lakini haitoshi kumpa mumeo jina la baipola. Chora safu tatu: tarehe ya kuanza na kumaliza prednisoloni pamoja na dozi, tarehe tabia ilipobadilika, na tarehe iliporudi. Kama kuna hata kipindi kimoja cha siku kadhaa cha hali hiyo akiwa hanywi steroidi, tathmini ya daktari wa akili ni ya lazima. Kama havipo, lawama ya kwanza ni ya dawa.

Asiache ghafla. Akishakunywa kwa zaidi ya wiki 3, tezi zake za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huwa zimelala, na kukatiza kunaweza kumwangusha kwa shinikizo la damu kushuka. Dozi inywewe asubuhi. Daktari aambiwe kabla ya kozi nyingine, na swali la kumuuliza ni kwa nini kozi zinarudi mara kwa mara. Mara nyingi jibu ni inhela ya kila siku ya steroidi isiyotumiwa, au inayotumiwa vibaya. Mwonyeshe daktari jinsi anavyopuliza.

Kuhusu montelukasti: tarehe 4 Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali zaidi, kwa sababu ya fadhaa, ndoto za kutisha, sonona na mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watumiaji. Ilishauri isitumike kwa mafua ya mzio mepesi pale dawa nyingine zinapofaa. Wengi huinywa bila shida. Kwa mumeo, tungependa aangaliwe upya kama anaihitaji, na mfahamu kwamba dalili zinaweza kujitokeza au kuendelea hata baada ya kuiacha.

Kuna vipimo vya mate vya kuagiza mtandaoni vinavyodai kuonyesha jeni za mzio na za sonona. Ninunue? *Msomaji*

Kwa lengo hilo, hapana. Kipimo kinachosoma tofauti chache kati ya mamia hakiwezi kusema kama wewe utaugua. Karatasi ya historia ya ukoo tuliyoielezea juu inamfaa daktari wako zaidi, na haina gharama.

Mimi nina pumu, mchumba wangu ana baipola. Tunataka watoto, lakini familia zinatutisha. Pia, je, niache dawa nikipata mimba? *Msomaji wa kike, miaka 28*

Msitishike. Mtoto wa mzazi mmoja mwenye pumu ana uwezekano wa kupata pumu takriban mara 2 hadi 3 kuliko mtoto mwingine, na pumu ya mama huongeza kidogo zaidi ya ya baba. Mzazi mmoja akiwa na baipola, watoto 5 hadi 10 kati ya 100 huipata. Geuza namba hiyo: 90 hadi 95 hawaipati. Na kwa kuwa jeni za pumu na za baipola haziingiliani sana, hatari hizi mbili hazizidishani. Kila moja inasimama peke yake.

Dawa za pumu usiziache. Inhela ya steroidi na salbutamoli huendelea katika ujauzito, maana pumu isiyodhibitiwa humnyima mtoto hewa. Mchumba wako naye abaki kwenye tiba, kwa kuwa baba mtulivu na aliyelala ni sehemu ya afya ya nyumba. Kama dawa yake ni valproeti, aongee na daktari wake kabla hamjaanza kutafuta mtoto. Dawa hiyo ikitumiwa na mwanamke mjamzito, watoto wapatao 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kwa wanaume pia baadhi ya mamlaka za dawa zimetoa tahadhari. Moshi wa sigara usiingie nyumbani, kabla na baada ya kujifungua.

Nimepangiwa kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi. Nakunywa amitriptilini kwa ajili ya sonona. Nimeambiwa niache dawa zote. Ni sawa? *Msomaji wa kiume, miaka 47*

Usiache kabla hujaongea na aliyekuandikia. Kipimo kile huweka tone la kichocheo (kitu kinachoshukiwa kuleta mzio) juu ya ngozi ya mkono, ngozi ikadungwa kidogo, na baada ya dakika 15 uvimbe hupimwa. Uvimbe ukizidi ule wa tone lisilo na kichocheo kwa milimita 3 au zaidi, huhesabiwa kuwa chanya. Uvimbe huo hutengenezwa na histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, kwa hiyo dawa inayoizuia hutoa majibu hasi ya uongo. Setirizini na loratadini huachwa siku 7 kabla. Amitriptilini ina nguvu kubwa dhidi ya histamini na athari yake kwenye ngozi inaweza kuchukua hadi wiki 2 kuisha. Mitazapini nayo huathiri kipimo. Fluoksetini na setralini hazikivurugi kwa kiasi cha kuhitaji kuachwa.

Wiki 2 bila dawa ya sonona ni hatari ambayo kipimo cha ngozi hakistahili. Mwombe mtaalamu mambo mawili. Aanze na tone la histamini peke yake: likivimba vizuri, dawa yako haijaziba ngozi na kipimo kinaweza kuendelea siku hiyohiyo. Lisipovimba, akupime damu kwa kingamwili za mzio, ziitwazo IgE, dhidi ya vichocheo vinavyoshukiwa. Kipimo hicho hakihitaji kuacha dawa yoyote.